Kicheche wa Shamba la Papa Sangwa

Vijana wa mtaa wetu mnaniita Papa Panya, na jina limenikaa hivi kwamba mjukuu wangu alimwambia mwalimu wake kwamba ndilo nililobatizwa nalo, ingawa sisi hatubatizwi. Sikasiriki. Sehemu kubwa ya maisha yangu niliipitisha nikitega panya katika mashamba ya bonde la Lukuga, kuanzia pale mto unapotoka ziwani hapa Kalemie kwenda hadi ambako reli inajibana kati ya vilima. Kila mmoja wenu akiona mahindi yake yametafunwa hunijia na swali lile lile: Papa, unga gani wa panya ndio mkali? Nimechoka kujibu kwa kutikisa kichwa. Leo nawaeleza yaliyotokea, mjue kwa nini siwajibu.

Kwanza nieleze jambo moja ambalo watu hulicheka. Wazee wetu walifika hapa kwa biashara ya ziwa, sisi ni Waislamu, na panya hatuli. Nimewakamata wengi kuliko punje za gunia, lakini mkiniuliza utamu wao sijui kitu. Aliyejua alikuwa Papa Ilunga, Muluba kutoka upande wa Kabalo, mwalimu wangu na baadaye mwenzangu wa kazi. Tuligawana hivi: wenye mashamba walitulipa wote wawili kwa kusafisha shamba, lakini panya wenyewe walikuwa wake. Wakubwa aliwakausha kwa moshi, mkewe Mama Mwadi akawauza sokoni. Wale wadogo hakuwauza kabisa. Aliwachoma bila kuwapasua, na matumbo yao, akawala na bukari, ugali wetu.

"Utamu wote uko ndani ya tumbo," aliniambia. "Ndani mule kuna mahindi, kuna mbegu, kuna ngazi za mchikichi. Panya amekwisha kukupikia. Lakini wewe, Rama, Mungu alikunyima."

"Mungu alinihurumia," nilimjibu, naye akaniambia nitafute vijiti badala ya kuhubiri.

Nilianza kazi vibaya. Siku za mwanzo niliweka mitego mizuri, jiwe bapa limeegemea kijiti, chambo cha ndagala chini yake, na asubuhi nikakuta ndagala wako palepale hata hawajanuswa. Papa Ilunga alichukua mkono wangu, akaunusa.

"Sabuni," alisema. "Unaogaka kama muntu anaenda harusi. Panya anasikia wewe mbele ya kusikia samaki."

Tangu hapo nilipaka viganja vyangu udongo wa shimo lenyewe kabla ya kugusa kijiti. Alinifundisha kusoma njia ya panya: majani yamelazwa upande mmoja, ardhi ndani yake imelainika kama imepigwa mswaki, na ukichungulia kwa jua la pembeni utaona vinyesi. Kinyesi kikiwa laini na kinang'aa, mwenyewe yuko karibu. Alinifundisha kwamba shimo la panya halina mlango mmoja. Ukichimba mbele bila kuziba nyuma, unamfanyia panya kazi ya kupanua nyumba. Na tanzi liwekwe pale njia inapobanwa na shina au jiwe, kwa sababu panya, kama mtu mwenye haraka, hapendi kuzunguka.

Kosa langu kubwa lilikuwa siku nilipoona shimo lenye udongo mpya kwenye ukingo wa shamba la Papa Sangwa, mkulima aliyetuajiri mara nyingi, nikaingiza mkono bila kuuliza. Kilichokuwamo ndani hakikuwa panya. Kilitoka kitu cheusi, chembamba kama mpini wa jembe, kina mistari myeupe toka kichwani hadi mkiani, na mkia wote mweupe umesimama kama brashi. Kilinigeuzia mgongo. Harufu iliyonipata machoni na puani sitaieleza, kwa sababu wengine mtasoma haya mkiwa mnakula. Nililia kama mtoto. Papa Ilunga naye alikuwa amekaa chini, analia pia, ila kwa kucheka.

"Sasa umesalimiana na kicheche," alisema.

Motari tatu, pikipiki za abiria, zilikataa kunibeba. Nilitembea mpaka mjini, na mke wangu, Mama Asha, alinipa sahani yangu kupitia dirishani.

Kesho yake Papa Ilunga alinirudisha pale pale, tukakaa mbali kidogo, upepo unatujia usoni ili asitunuse. Jua lilikuwa bado halijawa kali. Kicheche alitoka. Alikuwa jike, tulimjua baadaye kwa maziwa yake. Miguu yake ni mifupi kiasi kwamba ukimwangalia toka juu unadhani ni nyoka mwenye manyoya. Alifuata njia ya panya, pua chini, akaingia shimoni kama maji yanavyoingia. Hakuziba mlango wowote, hakuchimba. Mwili wake ni wa kipimo cha shimo la panya, basi hakuna nyumba ya panya ambayo si yake pia. Tukasikia mlio mmoja chini ya ardhi. Akatoka kinyumenyume, anavuta panya karibu ukubwa wake, amemshika shingoni. Alimburuta hadi kwenye vichuguu vya mchwa vilivyokuwa mwisho wa shamba, kule chini, akapotea naye. Kisha akarudi. Alifanya hivyo mara kadhaa na sisi tunaangalia.

"Hali wote leo," Papa Ilunga alininong'oneza. "Anaweka. Ana stoo yake kule."

Msidhani panya ni mjinga wala kicheche ni mfalme. Niliwahi kumwona kicheche mwingine, kijana, akiingia katika shimo la panya buku, wale wakubwa wenye mashavu ya kubebea chakula. Vumbi lilitoka mlangoni kama kuna watu wanafagia. Kicheche alitoka mbio, sikio limechanika, na buku akatoka nyuma yake, akasimama mlangoni anahema, kisha akaanza kusukuma udongo kuziba mlango wake kwa kifua. Nilimheshimu yule panya. Hatukuchimba pale. Papa Ilunga alisema aliyepigana hivyo asubuhi hafai kuliwa jioni, na mtu yule hakuwa mwepesi wa kuacha nyama.

Sheria yake ilikuwa moja tu: anapowinda kicheche hatutegi. Kwanza tanzi halichagui shingo. Pili, pale hatuna kazi. Kwenye shamba la Papa Sangwa tulitega juu, upande wa njia, na kule chini kwenye vichuguu tulimwachia yule mama. Na kweli mahindi ya kule chini ndiyo yaliyovunwa mengi kila mara.

Halafu ukaja mwaka wa panya. Mvua zilinyesha vizuri mfululizo, majani yakawa marefu, mbegu kila mahali, na panya wakazaana kuliko mitego yetu na kuliko meno ya kicheche. Usiku walikata mabua, mchana walichimbua mihogo. Papa Sangwa hakuwa mtu mbaya, na ninataka mlielewe hilo. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza nusu ya mahindi, watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa kukosa minerval, karo ya shule. Alituita uani kwake, akatuonyesha ghala lake la mabati. Ulikuwa unasikia panya wakitembea juu ya bati hata tukiwa tunaongea.

"Papa Ilunga, nimengojea ninyi muda murefu," alisema. "Munafanya kazi nzuri, sikatai. Lakini hawa hawana mwisho. Sokoni kuna unga mweusi. Unachanganya na bukari, unatupa shambani. Basi, wamekufa."

"Unaitwa je, huo unga?"

"Hauna jina. Iko tu katika mufuko mudogo."

"Kitu hakina jina, wewe unakitupa pale unapotoa chakula?"

Papa Sangwa aligeukia ghala lake. Mkewe, aliyekuwa anapepeta mahindi yaliyobaki, akasema bila kuinua macho, "Papa Ilunga, sisi tutakula nini?"

Papa Ilunga alikuwa mtu wa haki, hakuwa na tabia ya kumwambia mwenye njaa avumilie. Aliomba kitu kimoja tu.

"Kule chini, kwenye vichuguu, usitupe. Yule mama ana watoto sasa. Nimewasikia. Kule tutatega mimi na Rama, taratibu, tanzi juu juu, yeye atapita chini. Panya wako wa kule tutamaliza sisi pamoja naye."

"Nakubali," alisema Papa Sangwa.

Na alitimiza. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walimsingizia. Nilikuwepo alipotupa matonge yale. Alifika kwenye mfereji unaogawa shamba, akasimama, akageuka. Hakuna tonge hata moja lililovuka.

Ila sisi wote watatu, na miaka yetu yote ya kusoma njia za panya, hatukuwaza kwamba panya naye anavuka mfereji. Aliyekula sana alianguka palepale. Aliyekula kidogo alitembea, akaenda kutafuta maji na kivuli, na maji na kivuli vilikuwa kule chini.

Siku ya kwanza kulikuwa na furaha kama ya sikukuu. Panya walilala kati ya mistari ya mahindi wamekunja miguu, majirani wakaja kuangalia, Papa Sangwa akawazika kwenye shimo refu kama tulivyomshauri, ili mtu asiwaokote. Papa Ilunga alisimama pale kuhakikisha. Aliwaambia wote: panya uliyemkuta amelala, usimle hata ukiwa na njaa. Hilo alilijua. Hilo kila mtega panya analijua, na ninyi mlishike pia.

Siku iliyofuata tulikwenda kule chini kukagua matanzi yetu. Tulikuta panya wazuri, wazima, wengine bado wanaruka. Papa Ilunga aliwaangalia mmoja mmoja, akageuza macho yao, akabonyeza matumbo. Walikuwa wamenaswa wakitembea kwa miguu yao, upande ambao haukuguswa. Alichukua wakubwa kwa ajili ya Mama Mwadi, na wadogo aliwafunga kwa kamba ya mgomba.

"Leo utakula ndagala zako tena," alinitania.

"Na nitalala vizuri," nilimjibu.

Tulimtafuta kicheche, hakutoka. Tulidhani ni jua.

Mama Mwadi alikuwa amekwenda kwenye maombi ya akina mama, angerudi jioni. Papa Ilunga hakupenda kumngojea mtu akiwa na njaa. Aliwachoma wale wadogo mwenyewe nyuma ya nyumba, akala peke yake. Mkewe aliporudi alimkuta ameketi chini, amejiegemeza ukutani, mate yanamtoka mdomoni, shati limelowa jasho, na mikono inatetemeka. Alimwambia haoni vizuri. Wale wakubwa walikuwa bado wananing'inia juu ya moshi.

Nyumba yetu haikuwa mbali na kwao. Mama Mwadi alimtuma jirani kuniita, na mwingine akakimbia kwa Papa Sangwa kwa sababu alikuwa na pikipiki. Papa Sangwa alifika bila viatu. Tulimweka Papa Ilunga katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na Papa Sangwa aliendesha hadi hospitali akisema neno moja njia nzima: "Sikuvuka. Sikuvuka, Papa Rama. Sikuvuka." Nilimwambia najua.

Daktari alituuliza, "Amekula sumu gani?" Tulitazamana. Papa Sangwa alitoa kile kifuko kidogo mfukoni, daktari akakigeuza huku na huku. Hakikuwa na herufi hata moja. Alifanya kwa kubahatisha, akitazama mboni za macho, sindano baada ya sindano, na ninamshukuru mpaka leo, kwa kuwa asubuhi Papa Ilunga alikuwa hai. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Jambo la kwanza aliloniambia halikuwa habari ya mkewe, aliyekuwa amekaa karibu na miguu yake.

"Rama, nenda kule chini. Kaangalie yule mama."

Nilikwenda. Alikuwa mlangoni mwa shimo lake, kwenye kichuguu cha pili, kichwa ndani na mkia mweupe nje. Hakunuka. Sijui kwa nini hilo lilinishika sana, kwamba nilimgeuza kwa kijiti na hakunuka. Nilichimba polepole, nikiziba nyuma kama nilivyofundishwa, ingawa hapakuwa na wa kukimbia. Stoo yake ilikuwa imejaa. Alikuwa amefanya kazi sana siku ile, maskini, kwa sababu panya walikuwa hawakimbii. Watoto wawili walikuwa nyuma ya stoo, wameshikamana, macho hayajafunguka, wamekwisha kupoa. Hawa hawakula panya. Walimngojea mama yao. Niliwafukia wote pamoja, nikakanyaga udongo mbwa wasifukue.

Nilirudi hospitali. Papa Ilunga aliniangalia miguu, akaona udongo mwekundu wa kichuguu hadi magotini.

"Umechimba," alisema.

"Nimechimba, Papa."

"Na watoto?"

"Na watoto."

Aligeukia ukutani. Mama Mwadi akavuta shuka kumfunika bega, akaweka mkono pale, akauacha.

Alitoka hospitali, lakini vidole vyake havikurudi. Kwanza vilikuwa kama vimelala, baadaye vikawa vinatetemeka tu. Mtu aliyeweza kusimamisha jiwe zito juu ya kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti, sasa alimwaga chai. Alijaribu tanzi mara moja nikiwepo. Uzi ulimtoka, akauokota, ukamtoka. Akanipa bila kuniangalia. Nilifunga, naye akasema nimefunga vibaya, na kweli nilikuwa nimefunga vibaya, kwa sababu sikuwa nikiona sawasawa.

Kazi yetu iliisha hivyo. Mama Mwadi aliacha kuuza sokoni. Nani angenunua? Zamani aliyeuliza panya huyu ametoka wapi ulimwambia shamba la fulani, basi. Sasa hakuna awezaye kuapa panya wake alipita wapi na alikula nini kabla ya kunaswa. Mimi niliendelea kidogo na maghala ya watu. Niliinua maghala juu ya miguu ya miti, nikavisha kila mguu bati lililokunjwa kama sahani iliyopinduliwa ili panya asipande. Hiyo bado naweza kuwaonyesha, njooni na bati zenu.

Panya wa shamba la Papa Sangwa walirudi msimu uliofuata. Panya wanarudi upesi, jike mmoja anatosha kujaza shamba. Aliyekuwa akiwala ndiye hakurudi, maana yeye huzaa mmoja, wawili, na si mara nyingi. Papa Sangwa alikuja kwa Papa Ilunga, akakaa kwenye kiti cha mgeni, kofia magotini.

"Papa, unga sitanunua tena. Nifanye nini sasa?"

"Ngoja," alisema Papa Ilunga.

"Ningoje nini?"

"Mwingine atashuka toka mlimani. Shamba lina panya, harufu itamufikia. Usifyeke vichuguu, usichome moto majani ya kule chini. Ngoja tu."

Sikutegemea mkulima angekubali. Lakini Papa Sangwa alingoja. Aliacha sehemu yote ya chini bila kulima, majani yakakua, majirani wakamcheka kwamba analimia mnyama. Msimu mmoja ukapita, na mwingine. Mahindi yake yaliliwa. Kila Jumapili baada ya misa alipitia kwa Papa Ilunga kumwambia kama ameona kitu au hajaona. Papa Ilunga alikuwa akimngojea na swali tayari: nyayo? manyoya? hata harufu? Na Papa Sangwa alijibu hapana kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Papa Ilunga alifariki mwaka ule wa pili, kwa homa, si kwa sumu, ingawa mimi nayahesabu pamoja. Baada ya matanga Papa Sangwa hakulima tena. Aliamua kwenda Manono kujaribu bahati kwenye machimbo. Nilimkuta barabarani na mizigo yake imefungwa nyuma ya pikipiki ya mtu, yake akiwa ameshaiuza, mkewe na watoto wakiwa wametangulia.

"Papa Ramazani," aliniambia, "ukimwona, unitumie salamu. Hata kama nitakuwa na kazi nzuri kule, nitarudi."

Nilimwahidi. Sijamtumia salamu mpaka leo.

Mwezi uliopita mguu wangu ulikuwa na nafuu, nikaenda kule. Nyumba za matofali zimefika hadi kwenye mfereji, lakini kule chini vichuguu bado vipo, majani yamefika kifuani. Nilikaa upande ambao upepo unanijia usoni. Hakuna kicheche aliyetoka. Panya walitoka. Walipita kwenye njia zao katikati ya mchana, jua kali, mmoja nyuma ya mwingine, wakisimama kunawa nyuso zao. Nilikohoa. Nikapiga makofi. Waliniangalia, kisha wakaendelea na mwendo wao ule ule.